Mwambangoma Usio na Miiba

Gome la mwambangoma likishapitiwa na moto wa nyasi hutoa harufu ya kitambaa kizito kilichosahauliwa chini ya pasi. Mimi nashona sare za shule hapa mjini Arua, chini kidogo ya barabara inayopanda Arua Hill, na kila binti ninayefanya naye kazi anapopotelea kwenye mawazo yake akaunguza kaptula ya mtoto wa watu, humgombeza kuliko kosa lenyewe linavyostahili. Anadhani nalilia kitambaa. Harufu ile hunirudisha Logiri, kiangazi kile tuliporudi kutoka Kongo, kilima kizima kikiwa cheusi kwa moto, mimi na mdogo wangu Driwaru tukimfuata mama kwa nyuma na masizi yakitupaka hadi magotini. Watu wengi wa rika langu huku West Nile wana kiangazi chao cha kurudi nyumbani, na wengi hukisimulia kwa vigelegele. Mimi changu sina furaha nacho, wala sitajifanya ninayo.

Baba alikuwa Mlugbara wa Logiri na mama alikuwa Mkakwa wa Koboko. Walikutana kambini, baba akiwa askari, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, nyumba yetu ilisimama juu ya Kiswahili, kile cha jeshi na cha sokoni, kisichojali sana sarufi lakini ujumbe kinafikisha. Serikali ya wanajeshi wa kwetu ilipoanguka, kila mtu wa upande wetu aliyekuwa na miguu alikimbia. Mimi nilivushwa mpaka nikiwa mgongoni mwa mama, na Driwaru akazaliwa hukohuko ng'ambo. Ndiyo maana mama hakuwahi kukanyaga Logiri hata siku moja. Alitoka kambini akaingia ukimbizini, na nyumbani kwa mume wake alikujua kwa kusikia tu, kama mtu anavyokujua peponi.

Ng'ambo tulikaa kwenye shamba la mama mmoja Mkongo aliyeitwa Mama Vero, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe na moyo wa kulisha kijiji. Chini ya shamba lake, karibu na maji, palikuwa na mwambangoma mmoja, na huo ndio uliokuwa shule yetu. Baba alitupeleka pale jioni nyingi. Alitufunga macho kwa kitambaa cha kichwa cha mama, akatuzungusha mpaka tukapoteza dira, kisha akatuelekeza mikono kwenye mti mmoja baada ya mwingine na kutuuliza. "Macho inaweza kudanganya," alikuwa akisema. "Mukono hapana." Nilijifunza kwamba gome la mwambangoma ni nene na laini kwa ndani, ukilibonyeza kwa ukucha linabonyea kidogo, na limepasuka mifereji mirefu kwenda juu kama gunia lililoshonwa na fundi mlevi. Nilijifunza kwamba miiba yake imekaa juu ya vivimbe, mifupi na minene, na kwamba majani yake huota matatumatatu kwenye kikonyo kimoja, lile la mwisho likiwa kubwa kuliko ndugu zake na pana kuliko lilivyo refu, na chini yake kuna manyoya kama ya sikio la mbuzi. Kiangazi huyaangusha yote, na ndipo hutoa maua mekundu. Driwaru alikuwa mdogo, alijifunza miiba tu, na alijifunza kwa kulia.

Sababu ya masomo hayo baba aliirudia mara nyingi hadi ikawa kama sala. Babu yetu alipanda mwambangoma pale kitovu cha baba kilipozikwa, kwa kuwa baba ndiye aliyekuwa mtoto wake wa kwanza. Alipozeeka aliwagawia wanawe wawili ardhi kwa maneno mafupi. Kuanzia mti kushuka hadi kijito ni ya mkubwa. Kuanzia mti kupanda hadi barabarani ni ya mdogo. Hakuna karatasi, hakuna kigingi. Mti ulikuwa mpaka, na upande wa kushuka ndio uliokuwa na udongo mzuri. "Siku tunarudi, nyumba itakuwa imeanguka, njia itakuwa imepotea," baba alisema. "Lakini ule mti moto haiwezi kuua. Tafuteni mti yenye miiba, pale ndiyo kwetu."

Siku moja mwiba ulinichoma kwenye kiganja nikalia sana, na baba akanibembeleza kwa hadithi. Alinieleza kwamba hata ule mti wa nyumbani una kidonda chake. Mama yake aliwahi kuuchuna gome kwa panga, upande wa mawio, kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, amchemshie dawa ya kifua alipokuwa mtoto. Mti ulipona, lakini gome lilirudi likiwa na midomo pembeni, kama jeraha la mtu. Alinieleza hayo nikiwa mapajani mwake, mama akiwa jikoni, na sote wawili tulidhani ni hadithi tu ya kunyamazisha mtoto.

Baba hakurudi. Alianza kukohoa mwenyewe, na safari hii hapakuwa na gome la kumponya. Tulimzika kwa Mama Vero, chini ya ardhi ya watu, na mama akaendelea na masomo pale mwenzake alipoyaachia. Alikuwa na jani moja kavu la mwambangoma, sehemu zake zote tatu zikiwa zimeshikamana, alilolikunja ndani ya kanga yake ya sikukuu. Jioni alilitoa akatuuliza maswali kama mwalimu wa mtihani. Mimi nilikuwa nikimtazama uso wake na kuona anajiuliza yeye zaidi kuliko anavyotuuliza sisi. Siku ya kuondoka Mama Vero alitusindikiza hadi njia panda, akamwambia, "Mutu akijua muti ya kwao, hawezi kulala njiani." Nimemkumbuka sana kwa maneno hayo, na nimemsamehe, kwa sababu alisema kwa nia njema.

Mdogo wake baba, baba mdogo Adiga, alikuwa ametangulia kurudi. Tulimkuta amejenga nyumba mbili za nyasi katikati ya kilima, amepanda mihogo, ana baiskeli na koti. Alimlilia kaka yake kwa sauti, alitukumbatia, na mke wake alitupikia. Siwezi kusema alitupokea vibaya. Alitupokea vizuri sana, kama wageni wanavyopokewa, na ilichukua muda mama kutambua kwamba hilo ndilo tatizo. Alipouliza sehemu ya marehemu ni ipi, baba mdogo alisema, "Shemeji, hiyo si maneno yangu. Ni maneno ya mti. Wacha tuite wazee, wewe utaonyesha mwenyewe." Mama alifurahi. Usiku huo alilala akitabasamu, maana mtihani ulikuwa umekuja na sisi tulikuwa tumesoma.

Wazee wa ukoo walikuja asubuhi, wakaketi kwenye viti, wakala kuku kwanza. Enzi hizo mwanamke wa kwetu hakula kuku, kwa hiyo mimi, Driwaru na mama tuliketi pembeni tukisikia mifupa ikivunjwa. Mkubwa wao aliitwa mzee Ondoga, mtu mwenye mvi za heshima na tumbo la kukubali mialiko. Aliponawa mikono alisema, "Mama ya watoto, simama. Tafuta mti ya mzee, weka mukono. Pale utaweka mukono, pale ndiyo mpaka."

Mama alisimama, akafunga kanga vizuri, akaanza kutembea. Kilima kilikuwa cheusi. Miti iliyokuwa juu yake yote ilikuwa mitupu, imeungua, kila mmoja ukifanana na mwenzake kama wafiwa. Mama aligusa mmoja, akagusa mwingine, akitafuta miiba na kukosa. Akapita karibu na mti mmoja mzee, mnene, mweusi tii, ambao baba mdogo alikuwa ameuegemezea baiskeli yake. Hakuugusa hata kuugusa. Nani angefikiri kwamba mtu anaweza kuegemeza baiskeli kwenye kitovu cha kaka yake? Akashuka, akashuka, mpaka karibu na kijito, mahali ambapo unyevu ulizuia moto, na hapo akauona mwambangoma mchanga, majani yake matatumatatu bado yako juu, gome lake limejaa miiba. Ulikuwa kama ule wa Mama Vero, pacha wake. Mama alitoa lile jani kavu, akalilinganisha, na machozi yakamtoka. Akaweka mkono juu ya miiba, akaubana hadi nikaona damu. "Iko hapa," alisema. "Baba ya Letaru, nimefika."

Mimi ndiye Letaru, na sikuwa namtazama mama. Nilikuwa namtazama baba mdogo. Alikuwa amesimama na mikono nyuma, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyesikia mvua ikianza baada ya kumaliza kupanda. Alizaliwa pale. Alicheza chini ya mti wa kweli. Alijua, na alimwacha mjane wa kaka yake atembee na damu mkononi mpaka ukingoni mwa tope, kisha akasema kwa upole, "Shemeji amesema mwenyewe." Nimekutana na watu wengi wabaya tangu siku ile, wengine wakinipigia kelele, wengine wakinisukuma. Sijakutana na ubaya mwingine wenye adabu kama ule.

Sijui ni nini kilichonipeleka kwenye baiskeli. Labda ni kwa sababu ule mti mzee ulisimama katikati ya kilima, mahali ambapo mtu mwenye akili angegawanya ardhi, na ule mwingine ulisimama mahali ambapo hakuna mzazi angemrithisha mwanawe. Niliisukuma baiskeli ikaanguka. Nikabonyeza gome kwa ukucha, likabonyea. Nikazunguka upande wa mawio, nikasugua masizi kwa kiganja changu, nikasugua, harufu ile ya kitambaa kilichoungua ikinipanda puani, mpaka vidole vyangu vikakuta mdomo wa kidonda, kisha mdomo wa pili. Mkono wangu mzima uliingia ndani yake na nafasi ikabaki. Chini kabisa, kwenye shina, chipukizi moja lililozaliwa baada ya moto lilikuwa limefungua majani yake ya kwanza, matatu. "Mti wa babu ni huu," nilisema. Kisha nikasema tena kwa sauti, kwa sababu hakuna aliyegeuka.

Waligeuka hatimaye. Nikawaeleza dawa ya kifua, panga la bibi, upande wa mawio. Mzee mmoja alikuja akatazama kovu, akarudi kwa wenzake akawanong'oneza, na nikaona wanajua sasa wote. Mzee Ondoga alijikuna shingo. "Mtoto iko na akili," alisema. "Lakini mtoto ya kike hana neno kwa shamba, kesho anaolewa. Na mama yake ameshaweka mukono. Mukono haiwezi kuwekwa mara mbili." Baba mdogo aliiokota baiskeli yake, akaipangusa masizi, akanipapasa kichwani. Hapo ndipo shauri lilipoishia, na wazee wakasubiri chai.

Tulipewa ukanda ule kati ya mti mchanga na kijito. Mama alilima. Mvua zilipokuja, kijito kilipanda kikala mahindi yetu kikiwa hakijayatafuna hata vizuri, kikaacha vyura. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, na mama alimpisha; tulifunga mizigo tukaenda Koboko kwa wajomba zangu, ambako tulilelewa vizuri na kukumbushwa mara kwa mara kwamba tuna kwetu. Mama hakumlaumu baba mdogo hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Alijilaumu mwenyewe. Akiwa anasonga ugali alisimama ghafla akautazama mkono wake. "Nilikuwa nimesoma," alikuwa akisema. "Alisema miiba. Mimi nilitafuta miiba."

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilipita shambani kwa rafiki yangu kule Dadamu nikaona miambangoma mizee imepangwa kwenye ua, na mashina yake hayakuwa na mwiba hata mmoja. Hapo nikaelewa kosa letu lilikuwa wapi. Miti ile huvaa miiba ujanani, na ikizeeka baadhi yake huidondosha, gome likibaki na mifereji tu. Baba aliuacha mti wa babu akiwa kijana anayekwenda jeshini, na kwenye kichwa chake haukuwahi kukua. Alitufundisha mti wa utoto wake. Ukimbizini ndivyo tulivyofanya wote, tulivishika vitu vya nyumbani vikiwa na umri tulioviacha nao, tukasahau kwamba vyenyewe vilikuwa vinaendelea kuzeeka bila sisi. Nilikwenda Koboko kumweleza mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimekula. Alikufa mwaka uliofuata na amezikwa huko kwa kaka zake, mbali na mume na mbali na mti wowote.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba mdogo ilikuwa ndefu vya kutosha kumfikisha kaburini kwa heshima, na amezikwa katikati ya kilima, kwenye udongo mzuri, kati ya mti mzee na mahali uliposimama ule mchanga. Lakini kabla ya kufa alifanya jambo moja la tamaa. Ule ukanda wetu wa tope aliuuza kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, na kwa kuwa alikuwa amezoea maneno ya babu, aliuuza kwa maneno yaleyale mbele ya mashahidi. Kuanzia mwambangoma hadi kijito. Miaka ikapita, wanawe wakaukata ule mti mchanga wakachongea mizinga ya nyuki. Ukabaki mwambangoma mmoja tu kwenye kilima kizima, ule mzee. Mwaka huu mfanyabiashara amekuja na waashi kujenga ua wake. Amesimama chini ya mti mzee, ametazama chini kwenye kijito, na amesema vyote anavyoviona ni vyake, pamoja na nyumba za binamu zangu na kaburi la baba yao.

Binamu yangu Candia alinijia dukani na kuku mikononi, miguu imefungwa kwa kitambaa. Siku hizi tunakula kuku, hata wanawake, kwa hiyo nilimpokea. Hakuna ahadi niliyoitoa. Candia ni mtu mzuri, nasema ukweli, alikuwa bado hajazaliwa siku ile. Alikaa kwenye benchi la wateja akazungusha kofia yake. "Dada, Driwaru alikuwa mdogo, hakumbuki. Wewe ndiyo umebaki peke yako uliyeona," alisema. "Kuja tu useme pale mama yako aliweka mukono. Sisemi udanganye. Si aliweka pale chini?" Nikamjibu kwamba ndiyo, aliweka pale chini. "Basi," alisema, na akapumua kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alipoondoka nilirudi kukata kitambaa. Walitaka kuutumia mkono wa mama mara ya pili. Mara ya kwanza uliwapa ardhi, na sasa walitaka uwalindie.

Siku ya shauri nilipanda boda hadi Logiri. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, wazee wapya waliochukua viti vya wazee wa zamani, mfanyabiashara na miwani yake, Candia na nduguze, wake zao wakiwa wamesimama milangoni na watoto. Nilipewa kiti. Nilipotoa salamu, wanaume walinyamaza, na mmoja aliyekuwa akikohoa alitoka akakohoe mbali. Mwenyekiti aliniuliza kwa heshima zote, "Mama, tusaidie. Mti ya mzee ni ipi?"

Mtu anayenifikiria vyema atasema nilisimama kwa ajili ya haki. Haki ilikuwa imeshazikwa Koboko. Nilisimama kwa sababu ya hasira, hasira ya mtoto ambayo haikuwahi kupata mahali pa kukaa, na kwa sababu sikuwa tayari kuona kosa la mama likiapiwa kana kwamba ndilo neno lake la mwisho duniani. Nilitembea hadi kwenye mti mzee. Kovu bado lipo, limepanuka kidogo, midomo yake imenenepa. Mkono wangu uliweza kulifunika lote sasa. "Mti wa babu ni huu," nilisema. Candia aliketi polepole juu ya saruji ya kaburi la baba yake, na mke wake mlangoni akamvuta mtoto karibu na sketi yake. Mfanyabiashara aliwaita waashi wake. Akawaambia, akiwa tayari anatazama kwingine, kwamba ukuta ukishasimama mti ung'olewe, mizizi yake itapasua msingi.

Maneno yalikuwa yaleyale, mahali palepale, kiganja kikiwa juu ya kovu lilelile. Nilipoyasema nikiwa mtoto yangempa mama yangu shamba na kaburi. Mwaka huu nimeyasema tena, yamempa tajiri kilima na kuwatoa watoto wa watu nje, na mimi nimerudi Arua kwenye chumba cha kupanga. Hakuna mzee aliyejikuna shingo, hakuna aliyeuliza kama nimeolewa au nimezaliwa mwanamke. Safari hii waliniamini wote.